Saa Nyingi Katika Mwili Mmoja: Mazoea ya Mazoezi kwa Mkimbiaji Kijana wa Mbio Ndefu

Kila mwaka, majuma machache kabla ya mashindano ya UMISSETA, viwanja vya shule nyingi za sekondari nchini Tanzania hubadilika sura. Vijana ambao kwa miezi mingi hawakukimbia ila walipochelewa kengele, huanza kuzunguka uwanja asubuhi na jioni. Juma la kwanza huwa la furaha, la pili huwa la ushindani, na kufikia la tatu wengine huanza kuchechemea. Mara nyingi anayechechemea ndiye aliyekuwa na bidii kuliko wenzake wote. Walimu humwonea huruma, wenzake husema hana bahati, naye mwenyewe huamini kwamba hakuumbiwa mbio. Hivyo kipaji hupotea kabla hakijajulikana.

Elimu ya mwili wa binadamu haikubaliani na hukumu hiyo. Kijana huyo hakukosa kipaji wala bidii; alikosa muda. Mwili hubadilika kwa kuyafuata mazoezi, lakini sehemu zake hazibadiliki kwa mwendo mmoja. Damu ina saa yake, misuli ina saa yake, na mifupa ina saa yake. Makala haya yanaeleza saa hizo, na namna mkimbiaji kijana awezavyo kujijengea mazoea yanayozipatanisha.

HESABU YA WANAFUNZI WAWILI

Wafikiriwe wanafunzi wawili wa Kidato cha Pili, wenye umri mmoja na uzito wa kilo 50 kila mmoja. Wote wanajiandaa kwa mbio za meta 3,000 zitakazofanyika baada ya majuma 20.

Mwanafunzi wa kwanza anaanza mara moja, kidogo kidogo, kwa kufuata mpango wa majuma 12 ulioonyeshwa katika makala haya. Katika majuma hayo 12 anakimbia jumla ya dakika 804. Katika majuma 8 yanayosalia anakimbia dakika 30, mara 4 kwa juma, yaani dakika 960. Jumla yake yote ni dakika 1,764, ambazo ni saa 29 na dakika 24.

Mwanafunzi wa pili anakaa majuma 17 bila kufanya lolote. Katika majuma 3 ya mwisho anakimbia dakika 90 kwa siku, siku 6 kwa juma. Jumla yake ni dakika 1,620, yaani saa 27.

Ni dhahiri kwamba jumla za wanafunzi hawa zinakaribiana sana. Mtu anayetazama jumla peke yake angetarajia matokeo yanayokaribiana pia. Lakini mguu hauhesabu jumla ya mwaka. Huhesabu mzigo wa juma hili ukilinganishwa na mzigo uliozoeleka. Mkimbiaji hupiga takriban hatua 160 kwa dakika, na kila mguu unapotua ardhini hupokea nguvu ya mara 2 hadi 3 ya uzito wa mwili. Kwa kijana wa kilo 50, kila hatua ni kama kubebeshwa kilo 100 hadi 150 kwa muda mfupi sana. Katika juma lake la kwanza, mwanafunzi wa kwanza anakimbia dakika 30, yaani hatua 4,800. Mwanafunzi wa pili, katika juma lake la kwanza, anakimbia dakika 540, yaani hatua 86,400. Hizo ni mara 18 ya hatua za mwenzake, na zimeujia mguu ambao jana yake ulikuwa haujui mbio.

SAA YA DAMU NA YA MOYO

Sehemu ya mwili iliyo nyepesi kuitikia mazoezi ni damu. Katika siku chache za mwanzo, na hasa katika majuma mawili ya kwanza, maji ya damu yaitwayo plazma huongezeka. Damu ikiongezeka, moyo hujaa vizuri zaidi kati ya pigo na pigo, na kwa hiyo husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Ndiyo maana mwanafunzi anayeanza mazoezi huona nafuu mapema: mlima uliomtoa pumzi Jumatatu ya kwanza haumtishi tena Jumatatu ya tatu.

Mazoezi yakiendelea kwa miezi, moyo wenyewe hupanuka na kuimarika. Mtu mzima asiyefanya mazoezi, akiwa amepumzika, moyo wake husukuma takriban mililita 70 kwa kila pigo, na hupiga mara 72 hivi kwa dakika. Zao la namba hizo ni kama lita 5 kwa dakika. Mwili uliopumzika wa mkimbiaji nao huhitaji lita 5 zilezile, lakini moyo uliozoezwa unaweza kusukuma mililita 100 kwa pigo, na kwa hiyo mapigo 50 humtosha. Tofauti ya mapigo 22 kwa dakika ni tofauti ya mapigo 31,680 kwa siku moja. Moyo uliozoezwa una akiba, na akiba hiyo ndiyo mkimbiaji anayoitumia katika mzunguko wa mwisho.

SAA YA MISULI

Ndani ya seli za misuli kuna viungo vidogo sana viitwavyo mitokondria. Humo chakula huunguzwa kwa oksijeni ili kutoa nishati. Mwaka 1967 mtafiti John Holloszy wa Marekani alichapisha matokeo ya kazi aliyoifanya kwa panya waliozoezwa kukimbia. Aligundua kwamba uwezo wa mitokondria katika misuli ya panya hao, pamoja na vimeng'enya vyake, ulikuwa umeongezeka karibu mara mbili kuliko wa panya waliokaa bila mazoezi. Kazi hiyo ilionyesha kwamba ustahimilivu hautokani na moyo na mapafu pekee, bali pia na misuli yenyewe inayojengewa vinu vipya vya nishati.

Vinu hivyo havijengwi kwa siku moja. Kila zoezi hutoa amri ya kujenga, lakini amri hiyo hudumu kwa muda mfupi. Isiporudiwa, kilichoanza kujengwa huvunjwa, kwa kuwa mwili hautunzi mali isiyotumika. Amri ikirudiwa mara kwa mara, mabadiliko makubwa huonekana baada ya majuma 4 hadi 6. Sambamba na hayo, mishipa midogo ya damu iitwayo kapilari huongezeka kuzunguka nyuzi za misuli, nayo huleta oksijeni karibu zaidi na mahali inapohitajika.

Kazi hiyo haidai kasi kubwa. Kwa mkimbiaji anayeanza, mwendo ulio bora ni ule unaomruhusu kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi. Akishindwa kuzungumza na mwenzake, basi amekwenda kasi mno na apunguze mwendo. Kipimo hiki hakigharimu chochote, na hufaa katika shule yoyote, iwe na saa ya michezo au isiwe nayo.

SAA YA MIFUPA NA KANO

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Watu wengi huudhani mfupa kuwa kitu kikavu kama jiwe la msingi. Kumbe mfupa ni kitu hai. Seli za aina moja huvunja sehemu zilizochakaa, na seli za aina nyingine hujenga sehemu mpya mahali pake. Mfupa unapopewa mzigo mpya, kazi hii huongezeka, lakini huanza kwa kuvunja. Kuvunja huchukua muda wa majuma 3 hivi, na kujenga upya huchukua miezi 3 au zaidi. Maana yake ni kwamba, baada ya majuma machache ya mzigo mpya, mfupa huwa na vitundu vingi zaidi kuliko ulivyokuwa siku ya kwanza. Kwa muda huo huwa dhaifu kidogo, kama nyumba iliyobomolewa ukuta mmoja ili ujengwe ulio imara zaidi.

Madaktari wa majeshi walikutana na jambo hili zamani. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia aitwaye Breithaupt alieleza uvimbe na maumivu ya nyayo za askari waliotembezwa mwendo mrefu. Chanzo chake hakikujulikana hadi baada ya eksirei kugunduliwa mwaka 1895. Mnamo mwaka 1897 picha za eksirei zilionyesha kwamba mifupa ya nyayo hizo ilikuwa na nyufa. Nyufa hizo hazikuletwa na pigo moja kubwa. Zililetwa na mapigo madogo mengi, yaliyokuja upesi kuliko mfupa ulivyoweza kujitengeneza.

Kano, yaani kamba ngumu zinazounganisha misuli na mifupa, nazo huimarika polepole. Kano hupata damu kidogo kuliko misuli, na matengenezo yake huhesabiwa kwa miezi.

Kwa kijana anayekua kuna jambo la ziada. Karibu na ncha za mifupa yake mirefu kuna tabaka za gegedu ambamo mfupa hurefuka. Tabaka hizo ni laini kuliko mfupa uliokomaa. Katika kipindi cha kurefuka kwa haraka, ambacho kwa wasichana wengi hufikia kilele karibu na umri wa miaka 12 na kwa wavulana wengi karibu na miaka 14, kano huvuta kwa nguvu sehemu ambazo bado hazijakomaa. Maumivu ya kinundu kilicho chini ya kifuniko cha goti ni mfano unaojulikana sana. Mwaka 1903 hali hiyo ilielezwa na madaktari wawili, kila mmoja katika nchi yake, nao ni Osgood wa Marekani na Schlatter wa Uswisi. Maumivu ya kisigino kwa watoto wanaokua ni mfano mwingine.

Sasa saa hizi na zilinganishwe. Katika juma la tatu mkimbiaji mpya ana damu zaidi, anapumua kwa nafuu, na misuli yake imeanza kuchangamka. Anajihisi ana nguvu na anataka kuongeza mwendo. Lakini katika juma hilohilo mifupa yake imo katikati ya kubomolewa, na kano zake bado hazijapata habari. Pumzi yake inamwambia aende, wakati mguu wake haujawa tayari. Pengo hili kati ya saa ya damu na saa ya mfupa ndipo wakimbiaji wengi chipukizi wanapoumia. Kwa hiyo kanuni kuu ya mazoezi ya kijana ni hii: afuate saa iendayo polepole kuliko zote.

KUACHA NA KUPUNGUZA

Kama mwili hujenga polepole, je, hupoteza kwa mwendo gani? Mwaka 1984 Edward Coyle na wenzake nchini Marekani walichapisha uchunguzi wa wanamichezo 7 wa mazoezi ya ustahimilivu walioacha mazoezi kwa siku 84. Katika siku 21 za kwanza, uwezo wao wa juu kabisa wa kutumia oksijeni ulipungua kwa asilimia 7. Baada ya siku 56 ulikuwa umepungua kwa asilimia 16. Mwanafunzi aliyejenga kwa muhula mzima na kisha akaacha kabisa wakati wa likizo ndefu, hurudi shuleni akiwa amepoteza sehemu ya alichokijenga.

Lakini kuna habari njema. Mwaka 1981 Robert Hickson na mwenzake walichapisha uchunguzi wa watu waliofanya mazoezi dakika 40 kwa siku, siku 6 kwa juma, kwa majuma 10. Kisha baadhi yao walipunguziwa hadi siku 4 kwa juma, na wengine hadi siku 2, bila kupunguza ukali wa kila zoezi. Baada ya majuma 15 uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni ulikuwa haujashuka. Kujenga kulidai siku nyingi. Kutunza kulitosheka na chache.

Funzo hili lina thamani kubwa kwa mwanafunzi wa Kidato cha Nne. Kipindi cha mitihani kinapokaribia, si lazima achague kati ya vitabu na mbio. Siku 2 au 3 kwa juma zinaweza kumhifadhia sehemu kubwa ya alichokijenga, na mitihani ikiisha huendelea alipofikia badala ya kuanza upya.

JINSI MAZOEA YANAVYOJENGEKA

Kujua kanuni si sawa na kuitekeleza. Wengi huanza kwa hamu, na hamu ni kuni za mabua: huwaka kwa moto mkubwa na kuzimika upesi. Mazoea ni kitu kingine. Tendo huwa mazoea pale linapofanyika bila kushindana na nafsi, kama vile kunawa uso asubuhi.

Mwaka 2010 Phillippa Lally na wenzake wa Chuo Kikuu cha London kiitwacho University College walichapisha uchunguzi wa watu 96. Kila mmoja alichagua tendo dogo la kula, kunywa au mazoezi, akajaribu kulifanya kila siku kwa siku 84 kufuatia ishara ileile, mathalani baada ya kifungua kinywa. Muda uliokadiriwa wa tendo kuzoeleka ulitofautiana sana, kuanzia siku 18 hadi 254, na mtu wa katikati katika orodha alihitaji siku 66. Jambo jingine lililodhihirika ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu mazoea yaliyokuwa yakijengeka.

Kutokana na hayo yapo mambo manne ambayo mwanafunzi na mwalimu wake wanaweza kuyashika.

Kwanza, ishara moja isiyobadilika. Katika shule ya bweni kengele hupanga maisha yote ya siku. Mkimbiaji achague kengele moja, kwa mfano ile ya kipindi cha michezo cha jioni, na mbio zake zianze hapo siku zote zilizopangwa. Mwanafunzi wa kutwa anaweza kuchagua wakati wa kubadili sare anapofika nyumbani. Katika sehemu zenye joto, kama Tanga na Dar es Salaam, ishara ichaguliwe mapema asubuhi au jioni, jua likiwa limepungua.

Pili, kiasi kidogo kisichoogopesha. Dakika 20 za kutembea na kukimbia hazimpi mtu sababu ya kuahirisha. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba hakijai kwa mtu anayesubiri siku ya kuleta gunia.

Tatu, siku iliyokosekana hailipwi. Mwanafunzi aliyeshindwa kukimbia Jumatano kwa sababu ya mvua au zamu ya usafi, asikimbie mara mbili siku ya Alhamisi. Deni hilo lifutwe. Anayejaribu kulilipa huuzidishia mfupa mzigo ambao haukutarajia, na huigeuza mbio kuwa adhabu.

Nne, daftari la mazoezi. Kila siku iandikwe tarehe, dakika, hali ya mwili, na maumivu kama yapo na mahali yalipo. Eliud Kipchoge wa Kenya, aliyeshinda mbio za meta 5,000 katika mashindano ya dunia mwaka 2003 na marathoni ya Olimpiki mwaka 2016 na tena katika michezo iliyofanyika mwaka 2021, anajulikana kwa desturi yake ya kuandika mazoezi yake daftarini. Daftari la shule la kurasa 40 linatosha kwa kazi hiyo.

MPANGO WA MAJUMA 12

Mpango ufuatao ni wa mwanafunzi mwenye afya njema ambaye hana mazoea ya kukimbia. Siku za mazoezi zitenganishwe kadiri iwezekanavyo. Kila zoezi lianze kwa kupasha mwili moto kwa kutembea upesi dakika 5. Njia ya udongo au uwanja wa nyasi hufaa, mradi usiwe na mashimo.

Juma la 1 na la 2: siku 3, kukimbia dakika 2 na kutembea dakika 2, mara 5. Mbio kwa juma: dakika 30.

Juma la 3 na la 4: siku 3; kukimbia dakika 4 na kutembea dakika 2, mara 4. Mbio kwa juma: dakika 48.

Juma la 5 na la 6: siku 3, kukimbia dakika 10 na kutembea dakika 2, mara 2. Mbio kwa juma: dakika 60.

Juma la 7: siku 3, kukimbia dakika 8 na kutembea dakika 2, mara 2. Mbio kwa juma: dakika 48.

Juma la 8 na la 9: siku 4, kukimbia dakika 20 mfululizo. Mbio kwa juma: dakika 80.

Juma la 10 na la 11: siku 4, kukimbia dakika 25 mfululizo. Mbio kwa juma: dakika 100.

Juma la 12: siku 4, kukimbia dakika 30 mfululizo. Mbio kwa juma: dakika 120.

Juma la 7 limepunguzwa kwa makusudi, ili mwili upate nafasi ya kufanya matengenezo. Na idadi ya majuma 12 haikuchaguliwa kwa bahati. Ni siku 84, muda unaokaribiana na ule wa mfupa kumaliza mzunguko wake wa kuvunja na kujenga, na unaotosha watu wengi kulifanya tendo liwe mazoea. Mbio za kasi zisiongezwe kabla ya mpango huu kukamilika.

CHAKULA, USINGIZI NA ISHARA ZA HATARI

Mazoezi hutoa amri ya kujenga, lakini ujenzi wenyewe hufanyika wakati wa mapumziko, na vifaa vya ujenzi hutoka katika chakula. Vijana wa umri wa miaka 13 hadi 18 huhitaji usingizi wa saa 8 hadi 10 kwa siku. Mwanafunzi anayeamka kabla ya alfajiri ili akimbie, ilhali amelala usiku wa manane, hana anachokiongeza. Anabomoa bila kujenga.

Mkimbiaji huhitaji madini ya chuma kwa ajili ya hemoglobini, ambayo hubeba oksijeni katika damu. Maharage, dagaa, nyama na mboga za majani huleta madini hayo. Chungwa au limau pamoja na mlo huusaidia mwili kuyafyonza madini ya chuma yaliyomo katika mboga na maharage, bali chai inayonywewa pamoja na mlo huyazuia. Kwa hiyo yafaa chai inywewe kando ya mlo mkuu.

Msichana anayekimbia anahitaji uangalizi wa pekee. Damu ya hedhi humpunguzia madini ya chuma. Tena, akila pungufu kuliko anavyotumia, hedhi yake inaweza kukoma. Wengine hudhani hiyo ni dalili ya mazoezi mazuri. Kinyume chake, ni onyo kwamba mwili umeanza kujinyima, na mifupa yake huenda inadhoofika katika miaka ileile ambayo ingepaswa kuweka akiba ya maisha yote. Hedhi ikikosekana kwa miezi 3, ashauriwe kumwona mganga.

Hakuna mazoezi siku ya homa. Mwenye dalili za malaria apimwe na atibiwe kwanza, na arudi mazoezini kwa kiasi kidogo baada ya kupona. Uchovu wa misuli ya pande zote mbili, unaokwisha baada ya siku moja au mbili, ni wa kawaida. Lakini maumivu yaliyo mahali pamoja panapoweza kuonyeshwa kwa ncha ya kidole, yanayozidi kadiri mtu anavyokimbia, au yanayomwamsha usiku, ni amri ya kuacha na kumwona mganga. Kumsifu mwanafunzi kwa kukimbia juu ya maumivu ya namna hiyo si kumjenga ushujaa.

USHAHIDI WA WAKIMBIAJI WA TANZANIA

Historia ya riadha ya Tanzania inathibitisha kwamba mbio ndefu ni kazi ya miaka. Filbert Bayi, aliyezaliwa mwaka 1953, alishiriki Michezo ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972 na hakufika fainali. Mwaka 1974, huko Christchurch, alikimbia meta 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akavunja rekodi ya dunia. Muda huo ulibaki kuwa rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola hadi mwaka 2022. Mwaka 1975 alivunja rekodi ya dunia ya maili moja, na mwaka 1980 huko Moscow alipata medali ya fedha katika mbio za meta 3,000 za kuruka viunzi na maji.

Alphonce Simbu alikuwa wa 5 katika marathoni ya Olimpiki ya mwaka 2016, wa 3 katika mashindano ya dunia ya mwaka 2017, na wa 7 katika marathoni ya Olimpiki iliyokimbiwa mwaka 2021. Mwaka 2025 huko Tokyo alikuwa bingwa wa dunia, akimshinda aliyemfuata kwa sehemu 3 katika 100 za sekunde baada ya kilometa 42.195. Naye Magdalena Shauri alikuwa wa 3 katika marathoni ya wanawake ya Berlin mwaka 2023, kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41. Hakuna hata mmoja kati ya hawa ambaye matokeo yake yangeweza kutengenezwa kwa majuma matatu.

Shule haiwezi kumfanya kila mwanafunzi kuwa bingwa, wala hilo si jukumu lake. Inaweza kumpa kila mwanafunzi saa ya kukimbia isiyobadilika, mwalimu anayesoma daftari lake, na ruhusa ya kwenda polepole. Kipindi cha michezo kikianza kazi hiyo mwezi wa Januari badala ya Mei, wachechemeaji watapungua, na huenda mmoja wao ndiye aliyekuwa akisubiriwa.

JARIBIO NA MASWALI KWA DARASA

Jaribio. Kila mwanafunzi ahesabu mapigo ya mshipa wa kifundo cha mkono kwa sekunde 30 kabla ya kutoka kitandani, kisha azidishe kwa 2. Afanye hivyo kwa siku 5 mfululizo na kutafuta wastani. Jaribio lirudiwe mwishoni mwa juma la 6 na la 12 la mpango. Darasa lichore grafu ya wanaokimbia na ya wasiokimbia, na kujadili tofauti zilizoonekana.

1. Hakikisha kwa hesabu kwamba jumla ya dakika za mbio katika mpango wa majuma 12 ni 804.

2. Moyo unapiga mara 60 kwa dakika na kusukuma mililita 84 kwa kila pigo. Ni lita ngapi zinasukumwa kwa dakika moja?

3. Eleza kwa nini mkimbiaji mpya anaweza kuumia mfupa katika juma la 4 ingawa anajihisi ana nguvu kuliko juma la kwanza.

4. Mwanafunzi wa Kidato cha Nne amebakiwa na majuma 8 kabla ya mtihani. Mpangie ratiba ya mazoezi itakayomtunzia uwezo wake, na utoe sababu.

5. Chagua kengele moja katika ratiba ya shule yako inayofaa kuwa ishara ya mazoezi. Eleza kwa nini ni bora kuliko nyingine.